Kikao cha Jicho la Kushoto

Benchi la Mallam Danjuma lina miguu mitano: minne ya mbao na mmoja wa springi ya lori, uliopachikwa katikati siku benchi lilipoanza kubonyea kwa uzito wa maoni. Liko Suame, Kumasi, kwenye yadi za mafundi ambako kila gari linalofia upande huu wa Afrika huletwa lifufuliwe, na likishindikana hugawanywa kama mirathi. Upande mmoja kuna jiko la chai la Mallam, lililotengenezwa kwa ngoma ya breki. Upande wa pili kuna kibanda cha vipuri cha shangazi yangu, ambako mimi huuza nati na gasketi huku nikingoja kazi ambayo shahada yangu iliniahidi. Katikati hukaa benchi, na juu yake hukaa watu wanaojua kila kitu. Ukitaka kujua kwa nini injini yako inatoa moshi wa buluu, au kwa nini serikali inatoa ahadi za rangi hiyohiyo, njoo ukae. Hutajua, lakini utaambiwa.

Jumamosi hiyo, saa moja na nusu asubuhi, ajenda ilikuwa moja tu: jicho la kushoto la Cheche.

Cheche jina lake halisi ni Ampem, fundi wa kuchomelea. Alhamisi ya wiki iliyotangulia alikuwa anakata kwa grenda chasisi yenye kutu ya lori la magogo. Miwani ya kujikinga alikuwa nayo. Ilikuwa juu ya paji la uso, ikilinda nywele, kwa sababu vioo vyake vimekwaruzika mno hata ukiivaa unaona kama umevishwa mfuko wa nailoni. Kipande cha chuma kikaruka, kikamwingia. Sasa zilikuwa zimetimia siku tisa. Jana yake, Ijumaa, nesi wa zahanati iliyo nyuma ya wauza matairi alimmulika tochi, akaandika karatasi, akamwambia aende nayo hospitali kubwa saa hiyohiyo. Cheche akaja nayo kwenye benchi. Huku kwetu hata boneti haifunguliwi bila kikao, sembuse jicho.

— Chuo, hebu tusomee tena hiyo karatasi, alisema Wofa Rufaa.

Chuo ni mimi. Wofa ni mjomba, na yeye ni mjomba wa kila mtu. Rufaa ameitwa kwa kuwa hajawahi kukubali hukumu yoyote, iwe ya refa, ya mahakama au ya daktari.

Nikasoma. Mistari ilikuwa minne: "Jicho la kushoto, kidonda kwenye kioo cha mbele ya mboni. Huenda ni kuvu. Aache matone yote anayotumia. Aonwe na daktari wa macho leo, haraka haraka." Neno "leo" lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili, na kalamu ilikuwa imetoboa karatasi.

— Kaandika haraka mara ngapi?

— Mara mbili, Wofa.

— Basi yameisha. Haraka haraka haina baraka. Nesi mwenyewe kakuandikia kwamba safari haina baraka. Cheche, kunywa chai.

Cheche akanywa chai. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, jua kalipa mgongo, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi. Jicho halikuwa jekundu, na hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Lilikuwa jeupe safi kama la mtoto mchanga, isipokuwa mbele ya mboni, palipokuwa na doa la rangi ya maziwa yaliyoganda, lenye kingo zilizochanikachanika kama unyoya. Jumapili lilikuwa kama kichwa cha pini. Jumatano, kama mbegu ya ufuta. Sasa lilikuwa punje nzima ya mchele. Nilikuwa nalipima kwa macho kila asubuhi, na usingizi wangu ulipungua kadiri lilivyokua.

— Mimi upande wangu kazi niliimaliza, alisema Daktari Spana. Mlioharibu ni nyie wa baadaye.

Daktari Spana ni fundi wa injini. Udaktari alipewa na benchi kwa sababu ya sumaku yake, iliyotoka kwenye spika ya redio iliyokufa. Ukiingiwa na chuma jichoni huendi zahanati, unakwenda kwa Spana. Yeye hukushika kope kwa vidole viwili vyenye grisi, husogeza sumaku, na kile kinachokataa kuitwa kwa sumaku hukibembeleza kwa ncha ya wembe.

— Miaka kumi na nne natoa watu vyuma, aliendelea. Hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika.

— Watarudije na njia hawaioni? akauliza Mallam.

— Mallam, koroga chai yako.

— Nakoroga. Nauliza tu.

— Cheche mwenyewe ni shahidi. Nilikitoa au sikukitoa?

— Ulikitoa, Daktari.

— Kwa wembe mpya au wa zamani?

— Mpya.

— Mpya kiasi, akasema Mallam. Ulikuwa umekatia limau langu.

— Limau si linaua vijidudu? Chuo, si kweli?

Nikafungua mdomo.

— Mmeona? Hata Chuo kakubali. Nikakitoa chuma, nikachungulia, sikuona kitu. Na wahenga walisema, lisilokuwapo machoni na moyoni halipo.

— Wahenga hawakuwa wanazungumzia chuma, nikasema.

— Walikuwa wanazungumzia macho. Umesikia neno machoni au hukusikia?

Nililisikia.

— Tatizo si chuma wala wembe, alisema Mkesha. Tatizo ni imani haba. Matone alipewa, akayatumia kwa mashaka.

Mkesha hupaka magari rangi. Usiku huwa kanisani akiomba mpaka alfajiri, halafu asubuhi huja na macho mekundu kuliko taa za nyuma. Yeye ndiye mtumiaji mkubwa wa kichupa cha benchi, na sasa sina budi kukieleza hicho kichupa.

Kinakaa kwenye kopo la majani ya chai la Mallam. Hakina maandishi, karatasi yake ilibanduka mwaka juzi. Ni cha kila mtu: aliyeunguzwa na mwanga wa kuchomelea, aliyeingiwa na vumbi, anayekwenda ukweni akiwa amelala baa. Tone moja tu, na ndani ya saa moja jicho jekundu linakuwa jeupe kama la malaika. Kikiisha, mmoja wetu hupeleka kichupa kitupu duka la dawa la kona, na muuzaji hutazama rangi ya kifuniko na kutoa kingine. Hatujui dawa hiyo inaitwaje. Sisi huiita Kifuniko Cheupe, na watu wazima wenye akili zao huitikia jina hilo kwa heshima. Cheche alikuwa ameitumia mara nne kwa siku, na tangu Jumanne, mara sita.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Mkesha.

— Kibaba cha nini? akauliza Mallam.

— Cha uponyaji.

Hapo nilijaribu. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha, sentensi kwa sentensi.

— Wofa, hayo matone ndiyo yanayomwumiza. Wekundu wa jicho ni kama mlinzi anayepiga kelele mwizi akiingia. Hayo matone humziba mlinzi mdomo, lakini mwizi hayamgusi. Yeye anaendelea kubeba vitu, na humo ndani kimya. Ndiyo maana nesi kaandika ayaache.

Wote walinitazama. Nilidhani nimeeleweka.

— Mlinzi yupi? aliuliza Wofa Rufaa. Yule wa yadi ya mbao?

— Hapana, Wofa. Ni mfano.

— Maana yule analala. Juzi wameiba betri mbili yuko palepale anakoroma.

— Tatu, akasema Spana.

— Mbili. Ya tatu aliiba mwenyewe.

— Huyo si mlinzi, huyo ni mbia!

Walimjadili mlinzi wa yadi ya mbao kwa dakika kumi na moja. Nilikuwa natazama saa. Mwishowe ni Cheche mwenyewe aliyewarudisha, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

— Sasa wazee wangu, niende au nisiende?

— Kwanza tulimalize hili neno kuvu, alisema Spana. Linanikera. Kuvu huota kwenye mkate. Jicho ni mkate?

— Sio mkate wangu, alisema Mallam.

— Nimetaja mkate wako?

— Umeutazama.

— Mallam, mkate wako wa Jumatano ulikuwa na ndevu. Lakini sikuutaja.

— Ulikula vipande vinne!

— Nilikuwa naunyoa.

Wakacheka, hata Cheche. Alicheka huku machozi yakimtoka upande mmoja tu, wa kushoto, na akayapangusa kwa mgongo wa kiganja kilichojaa masizi. Nikamwambia asitumie mkono huo. Akatumia mwingine, uliokuwa na masizi zaidi.

— Niwaeleze kuhusu hospitali kubwa, alisema Wofa Rufaa, na benchi likatulia, kwa kuwa Wofa ndiye pekee kati yetu aliyewahi kupasuliwa jicho. Mimi walinitoa mtoto wa jicho. Haya, tazameni matokeo.

Akalifungua jicho lake la kulia kwa vidole. Lilikuwa na ukungu kama kioo cha dirisha la bafu.

— Walikuambia ufanye nini baada ya kupasuliwa? nikauliza.

— Masharti ya kijingajinga. Nisiiname. Nisilisugue. Nisinyanyue kitu kizito wiki nne.

— Ukafanyaje?

— Siku ya nne niliinama. Kidogo.

— Alikuwa chini ya lori, akasema Mallam.

— Sikuwa chini ya lori, lori ndilo lililokuwa juu yangu! Giaboksi ikachomoka, nikaidaka. Ulitaka niiache ianguke? Giaboksi ya watu?

— Na kulisugua je, Wofa?

— Lilikuwa linawasha!

— Na dawa walizokupa?

— Zilikuwa za kifuniko cha kijani. Mimi nimezoea cheupe. Nikabadilisha.

— Basi kwa kweli walikukosea sana, alisema Mallam kwa upole mkubwa.

— Sana. Nilirudi kuwaambia hivyo. Wakaniandikia karatasi nyingine, nikaikatia rufaa.

— Kwa nani?

— Kwa nani nani? Hapa! Mkanipa ushindi, umesahau?

Ni kweli, tulimpa. Kura zote.

— Sasa nisikilizeni, mtu mzima haropoki, alisema Wofa akishusha sauti, na sote tukainama mbele ingawa barabarani palikuwa na nyundo saba zinapiga. Kule wana mpango. Maskini akienda na jicho, wanakitoa kile kioo cha mbele, wanamfunga bandeji, wanamwambia lilikuwa limeoza. Kioo kinakwenda kwa wakubwa. Kuna mkubwa mmoja Accra hivi ninavyosema anasoma gazeti kwa jicho la fundi wa breki wa hapahapa Suame.

— Uongo huo, alisema Spana. Angekuwa na jicho la fundi, angeyaona mashimo ya barabara hii.

— Anayaona. Kwa nini unadhani hapiti huku?

Spana alilifikiria hilo, akashindwa kulipinga, akaomba kahawa.

— Wofa, nikasema, wakubwa hawana haja na kioo chenye kidonda.

— Wewe umesoma nini vile?

— Mipango miji.

— Basi panga mji.

Cheche alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alisema polepole, bila kumtazama mtu:

— Mimi hata si wakubwa ninaowaogopa. Naogopa hiyo bandeji. Nikirudi nimefungwa jicho, nani ataniletea geti nichomelee? Watasema Ampem kawa wa nusu. Kila nikitaka kwenda naona hilo tu.

Mkesha ndiye aliyemjibu.

— Nyie mnatazama kwa macho ya nyama. Cheche, mwezi uliopita ulikwenda kwenu kwenye msiba?

— Nilikwenda.

— Yule shangazi yako mwenye kigugumizi, alikuangalia?

— Tulisalimiana.

— Alikuangalia kwa jicho lipi?

— Mkesha, nitajuaje? Alikuwa ameyafumbua yote.

— Mmesikia? Yote! Mtu mwenye nia njema anafumbua yote ya nini?

— Ili aone, akasema Mallam.

— Aone nini?

— Mkesha, ndugu yangu, leo hukulala kabisa, eti?

— Hilo doa ni pazia! Limeshushwa makusudi. Ila Mungu naye hageuzwi: jicho la mwili likifungwa, la rohoni linafunguka. Siku tatu tu, Cheche, utaanza kuona mambo. Utaniambia injini ya mtu ina ugonjwa gani bila kufungua boneti.

— Na mimi nitakula wapi? akauliza Spana.

Mkesha alitia mkono mfukoni akatoa kichupa. Vichupa havikuwa vimekwisha duniani.

— Mafuta ya upako. Tone moja.

— Mbona kimeandikwa mafuta ya breki? nikauliza, kwa maana maandishi yalikuwa wazi kabisa, na alama ya hatari ya kuwaka ilikuwa pembeni.

— Chombo tu hicho! Kilioshwa.

— Kwa kitu gani?

— Kwa petroli.

Nilimtazama Mallam. Mpaka dakika hiyo nilikuwa nimemhesabu kama mtu wa mwisho mwenye akili timamu katika kikao, na nilikuwa naegemea hesabu hiyo. Mallam alipangusa mikono kwenye kanzu, akakohoa.

— Mafuta hapana, alisema. Hilo nakataa.

— Ahsante, Mallam, nikasema.

— Kwetu, jicho likiumia, mama anayenyonyesha hukamulia tone moja la maziwa. Nimeliona kwa macho yangu. Linapoa.

— Huyo mama tumtoe wapi saa hizi? akauliza Spana.

— Ndipo nilipofika. Maziwa si maziwa? alisema Mallam akinyanyua kopo lake la maziwa mazito, lile lililotobolewa matundu mawili kwa msumari. Na haya yamepita kiwandani, yamechemshwa, yamepimwa. Ya mama yamepimwa na nani?

Benchi likafikiri. Hiyo ndiyo hatari yake kubwa, kupata nafasi ya kufikiri.

— Kuna mantiki, alisema Wofa.

— Penye wengi hapaharibiki neno, alisema Spana, na Cheche, naapa, alianza kuvua kofia.

Nikasimama nikaweka kiganja juu ya kopo.

— Hapana! Mallam, hapana! Hamna atakayemtia kitu kingine jichoni, mnasikia?

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoipanga. Mafundi wa ng'ambo ya barabara waligeuka.

— Ei! Chuo kakasirika, alisema Wofa. Taratibu, binti yangu, shahada itachanika.

— Wofa, karatasi imeandikwa leo. Na hiyo leo yenyewe ilikuwa jana.

— Ndiyo maana tunakwenda taratibu. Imeshapita. Maji yakimwagika hayazoleki, sasa mbio za nini? Tupige kura kama watu wastaarabu. Wanaotaka aende leo?

Nikanyoosha mkono. Mallam alisema jiko lina mamlaka yake, hapigi kura.

— Wanaotaka angoje mpaka Jumatatu, tulione kwanza lilivyoamka?

Wofa. Spana. Mkesha. Kisha Cheche, ambaye ilimbidi ageuze shingo nzima kumtafuta Spana aliyekaa kushotoni kwake, aone kama ameinua mkono. Alipomwona ameinua, naye akainua. Mtu alipiga kura dhidi ya jicho lake mwenyewe, na mwenyekiti akampongeza kwa nidhamu ya chama.

Ndipo alipokuja mama mmoja.

Alikuwa mtu mzima, mnene, kajifunga nguo ya msiba, nyeusi yenye maua mekundu, kitambaa chekundu kichwani. Alikuwa anaburuta kiunzi cha chuma cha miguu minne, cha kuwekea sufuria kubwa, na chuma kilichora mstari vumbini kutoka barabarani mpaka miguuni mwetu.

— Jana nilimtuma mtu kwa Ampem fundi. Ndiye nani hapa?

— Karibu, Maame! alisema Wofa Rufaa. Mgeni njoo mwenyeji apone. Wenyeji wenyewe ndio sisi, na tunaumwa njaa. Mallam, mpe mama mkate atununulie.

Mama hakucheka. Alikisimamisha kiunzi chake, akakigusa kwa kidole kimoja. Kikayumba. Kata, kata. Akakigusa tena. Kata, kata.

— Nina watu mia mbili wa kuwapikia leo, alisema. Sufuria ya supu ikikaa hapa, itamzika mtu wa pili.

— Ardhi ya hapa ina mteremko, alisema Wofa.

Mama akakihamishia kwenye saruji ya kibanda chetu. Kata, kata.

— Saruji ya siku hizi nayo, alisema Wofa, ila bila nguvu.

Mama akakipindua, miguu juu. Nikainama kutazama. Mshono wa mguu mmoja ulikuwa mzuri sana, umenyooka, umelala sawasawa kama ushonaji wa cherehani. Ulikuwa tu umepita upana wa kidole pembeni ya kiungo. Haukushika chochote. Mguu wote ulikuwa unaning'inia kwa tone moja la chuma la upande wa pili.

— Hivyo vijiti vya kuchomelea ni feki, alisema Spana. Vinakimbia.

— Vinakimbia au vinakimbizwa? alisema Mkesha. Mkono wa mtu huo.

Cheche alikuwa amesimama, amevua kofia kwa adabu.

— Nisamehe, Maame, alisema. Nimekifanya jana jioni. Nitakirudia sasa hivi.

Mama hakuwa anakitazama kiunzi tena. Alikuwa anamtazama yeye usoni.

— Mwanangu, hilo jicho linaona?

— Linaona! alisema Spana.

— Linaona vizuri tu, alisema Wofa.

— Litaona zaidi, alisema Mkesha.

— Nimemwuliza mwenye jicho.

— Naona, Maame, alisema Cheche.

— Ziba hilo la kulia.

Cheche akaweka kiganja juu ya jicho la kulia.

— Haya. Mimi nimevaa nguo ya rangi gani?

Sote tuliigeukia ile nguo, kama vile sisi ndio tulioulizwa. Jumamosi, Kumasi, siku ya mazishi ya nguo nyeusi na nyekundu, na jicho la kulia lilikuwa limeshamwona: mtu angeweza kubahatisha tu akapata. Nilijikuta naomba abahatishe. Cheche aliinua uso akauelekeza kwa yule mama, kidogo pembeni ya alipokuwa, akatulia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

— Nyeupe, Maame, alisema.

Mallam aliacha kukoroga.

— Tangu lini? akauliza mama.

Maneno mawili tu. Tulikuwa tunaijua siku kilipoingia chuma, na saa. Tulikuwa tunaijua siku ya wembe. Siku wekundu ulipoisha tuliijua zaidi kuliko zote, kwa kuwa tuliishangilia, na Mallam alitoa mkate wa bure. Siku tisa tulikuwa tumeliangalia jicho lile, tumelijadili, tumelipigia kura, na hakuna aliyekuwa ameuliza lenyewe linaona nini. Mimi nilijua doa lilikuwa la ukubwa gani Jumapili na la ukubwa gani Jumatano. Nilikuwa nimelipima kila asubuhi.

— Sijui, Maame, alisema Cheche. Sikuwahi kuliziba hili lingine.

Nikampa mama ile karatasi. Aliisoma mara moja, akaikunja, akaitia kifuani ndani ya nguo yake ya msiba. Kiunzi akakiacha palepale, miguu juu.

— Twende, alimwambia Cheche.

— Maame, na mazishi? akauliza Mkesha. Watu mia mbili?

— Marehemu atanisubiri. Amekwenda wapi?

Akaanza kutembea, akasimama kumngoja. Cheche akamfuata. Kiganja kilikuwa bado juu ya jicho zima, hakuna kati yetu aliyekumbuka kumwambia akitoe, na mkono wa pili ulikuwa mbele yake unapapasa hewa, unatafuta mkono wa yule mama.